Saa Inayorudi Nyuma

Niliposhuka Munanila simu yangu ilirudi nyuma saa nzima.
Kijana aliyenitulia cherehani akacheka:
"Umeshika mnara wa Burundi, mama.
Sogea nyuma ya migomba, utarudi Tanzania."
Nikasogea. Ikarudi.

Hivyo nilianza kuishi mlimani,
mimi Nyamizi wa Ng'ambo, Tabora,
niliyezaliwa mahali ambapo mpira ukiuweka chini
unakusubiri.

Huku mpira una kwao: bondeni.
Kitunguu kikikuponyoka, kiage.
Hakuna kulia wala kushoto.
Nauliza duka la chumvi, naambiwa: juu.
Zahanati: juu.
Chemchemi: chini, chini kabisa,
na sikujua kwamba maji hunenepa njiani;
ndoo niliyoijaza kule
siyo ndoo niliyoitua mlangoni.

Mwezi wa kwanza sikushona hata kifungo.
Ukungu uliingia bila hodi
ukajilaza juu ya majora ya vitenge,
sindano zikaota kutu, shuka ikakaa kambani siku tatu
ikashuka mbichi kama ilivyopanda.
Usiku redio ilinisomea habari za nchi ya jirani
kwa lugha niliyoisikia nusu,
nikalala na ile nusu.

Watu wanauliza: umefuata nini huku?
Tabora wameshajijibu.
Ameolewa mke wa pili. Amekimbia kodi ya fremu.
(Kodi, kweli, nilidaiwa miezi miwili. Nimelipa.)
Ukweli ni mdogo, unanitia aibu:
nilikuja msibani mara moja, kahawa imechanua,
nikavuta pumzi pale njia inapokata kilima,
ikashuka, ikashuka,
ikafika mahali ambapo sikujua ni pangu.
Nani atanielewa nikisema
nilihamia pumzi?

Jirani yangu anaitwa Mbonihankuye.
Jina lake nilijifunza kama mtu anavyopanda kwao:
nikipumzika katikati.
Wiki sita alinijibu salamu tu,
"Mwakeye" yangu ya kuazima
akiirudisha imenyooka.
Siku moja alinikuta njiani nahema, akasema,
"Unatembea kama mtu anayedaiwa."
Akapita na mzigo wa kuni kichwani, hajashika.

Kesho yake alikuja na koti.
La mwanamume, zito, kola imeliwa na mvua.
"Mabega punguza. Mikono punguza.
Mifuko usiiguse."
Sikuuliza.
Nilifumua mshono uliokuwa na umri wa mtu mzima,
nikausogeza bega kwa bega
mpaka mume akamtosha mke.
Mfuko wa kulia ulikuwa na kitu, chepesi, kikavu,
kilichokuwa kikichakarika kila nikigeuza nguo.
Mkono wangu ulijua njia. Nikaunyima.

Alilipa chupa ya mawese
na noti mbili za ng'ambo ya mpaka.
Alilivaa palepale, akafunga vifungo vyote,
akaingiza mikono mifukoni,
akasimama kidogo.
Kisha akateremka kwenda shambani
na mimi nikaona kwa mara ya kwanza
jinsi wanavyoteremka:
magoti yamelegea, macho hayana haraka,
kama mtu anayeingia jikoni kwake.

Baada ya hapo zilikuja sare za shule. Likaja gauni la kipaimara.
Ikaja suruali ya mwalimu, imechanika mahali pa kuchekesha.

Jana dada alipiga simu kutoka Tabora, kwenye joto,
nilisikia hadi feni.
"Utarudi lini?"
Nikatazama saa, kana kwamba ameniuliza hiyo.
Upande huu wa migomba ni saa mbili.
Hatua nne upande ule, saa moja.
Nikasimama katikati, simu ikisitasita.
"Subiri," nikamwambia,
"maharage yataungua,"
na nikapanda kwenda jikoni
bila kuhema.